Adui wa Baga ya Maharage ni Maji

Ijumaa mchana, nyumba za Wasabato hapa Bugarama, mkoani Shinyanga, hazina muda wa kupoteza. Ni siku ya maandalio: nguo zinapigwa pasi, madumu yanajazwa maji, na chakula cha Sabato kinaivishwa kabla jua halijazama. Jirani yangu, mama wa watoto wanne asiyekula nyama tangu abatizwe, aliniita Ijumaa moja nimsaidie. Mwanawe alikuwa amemletea eafraya kutoka Dar es Salaam, lile jiko dogo la umeme lenye droo, linaloivisha chakula kwa upepo wa moto, naye alitaka kuwapikia watoto baga za maharage. Za kwanza zilipenya kwenye matundu ya kikapu zikaganda chini kama tope. Za pili zilibabuka juu, na ulipozivunja ulikuta uji wa moto. Watoto walikula ugali na mboga za majani, na mama yao akalifunika jiko kwa kitambaa.

Ilituuma, maana nusu kilo ya maharage si kitu cha kumwaga. Tulirudi jikoni Ijumaa iliyofuata, na nyingine tena, na ya nne baga zikasimama. Siku hizi nazipika kwangu karibu kila juma, ingawa mimi nyama nakula. Kati ya ile Ijumaa ya kwanza na ya nne kilibadilika kitu kimoja: tuliacha kulilaumu jiko, tukaanza kuyasaka maji. Sisi tumelelewa na maharage ya mchuzi. Tunayapenda yakiwa yameiva mpaka yametoa rojo zito la kuchovyea ugali. Baga inataka punje iliyoiva kabisa, na iliyo kavu. Karibu kila nitakachokueleza hapa ni njia ya kuyatoa maji au ya kuyazuia yasirudi.

Kwanza tulielewe jiko lenyewe. Juu ya kikapu kuna koili ya umeme, na juu ya koili kuna feni inayousukuma moto uzunguke chakula. Basi ni tanuri dogo lenye upepo mkali. Mholanzi aitwaye Fred van der Weij ndiye aliyelibuni, na kampuni ya Philips ikaliingiza sokoni mwaka 2010. Ukidondosha bagia laini kwenye mafuta yanayochemka, mafuta huishika pande zote kwa mara moja na kuijengea ganda kabla haijapata nafasi ya kusambaa. Upepo hauna nguvu hiyo. Huchukua dakika kadhaa kujenga ganda, na ndani ya dakika hizo donge lenye maji limeshalegea na kuanguka. Ndiyo sababu mchanganyiko unaotoka vizuri kwenye karai la mafuta unaweza kukuaibisha kwenye eafraya, na wewe ukadhani umeuziwa jiko bovu.

Tuanze sokoni. Maharage mekundu na yale ya njano yote yanafaa. Ya njano huiva upesi na ladha yake ni tamu, lakini huvurugika haraka. Mekundu hushika umbo vizuri zaidi, nami ndiyo ninayoyapendelea kwa baga. Muulize muuzaji ni ya msimu gani. Maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye joto hugoma kuiva: utayachemsha saa nzima na bado kiini ni kigumu, na punje ngumu ndani ya baga ni kama mawe ndani ya wali. Yachambue kwenye ungo. Kama yanatoa vumbi jeupe lenye harufu, yamewekewa dawa ya wadudu, na mimi siyanunui. Nyumbani mifuko ya kuzuia hewa, ile yenye tabaka mbili za nailoni ndani ya kiroba, huyatunza bila dawa yoyote.

Yaloweke usiku kucha, na asubuhi uyamwage maji yale. Hapa naomba unisikilize vizuri. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu yake ya asili iitwayo lektini. Punje chache tu zisizoiva zinaweza kumtapisha na kumharisha mtu ndani ya saa chache. Sumu hiyo huvunjwa na maji yanayochemka hasa, yanayotokota, kwa dakika zisizopungua 10. Moto wa chini usiofika kuchemka hauiondoi. Kwa mapishi yetu ya kawaida hatari hii haipo, kwa kuwa tunachemsha muda mrefu. Hatari inakuja pale mtu anapoyatoa maharage yakiwa nusu mabichi akitegemea eafraya iyamalizie. Haimalizii. Itayakausha tu juu, na ndani yatabaki na sumu.

Kwenye jiko la presha maharage yaliyolowekwa huiva kwa dakika 20 hadi 25. Kwenye mkaa tegemea saa moja na nusu au zaidi. Tofauti hiyo ina uzito wa pekee kwa mtu wa Shinyanga. Mkoa huu ulikatwa miti mpaka mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, na wafugaji wakahimizwa kuzirudisha ngitili, zile hifadhi za malisho ambazo Wasukuma walizijua tangu zamani. Tumeona kwa macho yetu miti ikirudi. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Sikuambii utupe jiko lako la mkaa kesho. Nakuambia loweka maharage, kwa sababu usiku mmoja wa kuyaloweka hauna gharama na unapunguza mkaa kwa kiasi kikubwa.

Usitie magadi. Najua yanalainisha, na kwa maharage ya mchuzi nimewaona hata wapishi wazuri wakiyatumia. Kwa baga yanaivuruga punje, ganda linavuka, na unabaki na uji uliokuwa unaukimbia. Tena yanaharibu vitamini B1 iliyomo. Chumvi itie karibu na mwisho. Jaribu punje moja kati ya vidole: ikipondeka kwa kubonyezwa kidogo na ndani hakuna kiini kigumu, epua hapo hapo.

Sasa ndiyo kazi yenyewe. Chuja maharage, na yaache kwenye chujio robo saa huku ukiyatikisa mara kwa mara. Maji ya kuchemshia usiyamwage, ni mchuzi mzuri wa jioni. Kisha tandaza maharage kwenye kikapu cha eafraya, tabaka jembamba, nyuzi 160 za sentigredi kwa dakika 8 hadi 10. Ukiona maganda yamepasuka na juu yamepauka, yametosha. Hatua hii haikuwemo kwenye video ya mapishi ambayo jirani yangu aliifuata, nayo ndiyo iliyotuokoa Ijumaa ya nne. Kama kikapu ni kidogo, fanya kwa awamu mbili. Yakitoka, yaache yapoe kabisa, kwani maharage ya moto bado yanatoa mvuke, na mvuke ni maji.

Ponda kwa uma au kwa mchi, na theluthi moja ya punje iache nzima au nusu. Brenda iache kabatini. Inasaga mpaka inatoa kitu kama dawa ya meno, na baga yake haina cha kutafuna.

Vitunguu navyo vina maji mengi kuliko vinavyoonekana. Katakata viwili vidogo vidogo, vikaange kwa kijiko kimoja cha mafuta mpaka viwe vya kahawia na sauti ya mchuruziko ikome. Ongeza punje nne za kitunguu saumu zilizotwangwa, kijiko cha chai cha binzari nyembamba, nusu kijiko cha pilipili manga. Karoti moja ikwangue, itie chumvi kidogo, ikae dakika tano, kisha ikamue kwa mkono. Utashangaa maji yatakayotoka. Nyanya isiingie kabisa kwenye mchanganyiko, itangoja kwenye kachumbari.

Halafu kinachoshikamanisha. Maelekezo mengi yanataka chenga za mkate au shayiri ya pakiti, na jirani yangu aliagiza chenga hizo mpaka Kahama. Hakuhitaji. Kwenye kiroba nyuma ya mlango wake kulikuwa na matobolwa. Kwa msomaji asiye wa huku: Wasukuma huhifadhi viazi vitamu kwa njia mbili. Michembe ni viazi vilivyokatwa vibichi na kuanikwa juani. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo vikakatwa na kuanikwa. Kwa baga nachagua matobolwa bila kusita. Wanga wake umeshaiva, kwa hiyo ukiutwanga kwenye kinu na kuupitisha kwenye chekeche unapata unga unaonyonya maji papo hapo, hata kabla ya moto. Unga wa michembe nao unashika, ila unangoja joto ndipo uvute maji, na kwenye eafraya hatuna muda wa kumngoja mtu. Kikombe kimoja kwa maharage ya nusu kilo kinatosha, ukitia kidogo kidogo. Huna matobolwa, tumia kiazi kitamu kilichochemshwa na maganda yake, kikapoa usiku, pamoja na vijiko vitatu vya unga wa mahindi uliokaangwa kavu.

Anayekula mayai aongeze moja. Asiyekula atumie vijiko viwili vya karanga za kusaga, ambazo huleta mafuta na ladha nzito ambayo watu huifuata kwenye nyama. Karanga zenyewe zichague kwa macho makali: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupe, hata kama ni nusu ya kibaba. Sumukuvu haiondoki kwa kukaanga, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi.

Kabla hujachanganya, neno moja kuhusu chombo kwa nyumba za wachimbaji wa dhahabu, na nalisema kwa uchungu. Karai lililowahi kushikia zebaki mwaloni, kule dhahabu inakooshewa, halirudi jikoni, hata likisuguliwa kwa mchanga na sabuni mara kumi. Wala dhahabu haichomewi kwenye jiko la chakula au ndani ya nyumba, maana mvuke wa zebaki hauonekani, na humfikia hata mtoto aliyelala chumba cha pili. Nunua karai la jikoni, liwekee alama ya rangi, na kila mtu nyumbani ajue ni la chakula tu.

Changanya vyote kwa mkono, uache mchanganyiko utulie dakika 20 ili unga unywe. Ukiminya tonge likabaki na alama za vidole bila kunata sana kwenye kiganja, limefika. Likinata, ongeza unga. Likipasuka pasuka, lowesha mkono tu, usimimine maji. Nusu kilo ya maharage makavu hutoa baga 12 hivi. Mimi naziunda ndani ya kifuniko cha kopo kilichotandikwa nailoni safi, unene usiozidi sentimita mbili, na kingo nazilainisha kwa kidole kilicholowa, kwa sababu ufa mdogo ukingoni ndipo baga inapoanzia kugawanyika. Mwenye friji azipumzishe humo nusu saa. Asiye nayo asizilaze mpaka kesho. Maharage yaliyopikwa huchacha upesi kwenye joto letu.

Pasha jiko dakika tano likiwa tupu. Paka baga mafuta ya alizeti pande zote mbili, nusu kijiko cha chai kwa kila moja kinatosha. Usiogope mafuta hayo kidogo: bila mafuta, upepo unaikausha baga ikawa kama udongo uliopasuka, rangi haiji na koo linaomba maji. Zipange zisigusane, nne au tano kwa kikapu cha lita nne hadi tano. Kupandanisha kunaziba njia ya upepo. Nyuzi 180, dakika nane, kisha geuza kwa mwiko mpana, dakika sita nyingine. Maelekezo mengi husema nyuzi 200, lakini matobolwa yana sukari nyingi, na kwenye 200 yanaungua kabla ndani hapajashika. Ukijaribu kugeuza ikang'ang'ania, bado haijajenga ganda. Irudishe dakika mbili. Karatasi ya kuokea usiiweke wakati wa kupasha jiko likiwa tupu, feni huivuta juu ikagusa koili na kuwaka.

Umeme unawatia watu hofu, na ni haki yao kuuliza. Eafraya nyingi za nyumbani hula wati 1,400 hadi 1,700. Kukausha maharage na kupika mikupuo mitatu ya baga ni karibu saa moja, na kwa kuwa jiko hujizima na kujiwasha lenyewe kulinda joto, tuseme uniti moja, na hata tukikosea isizidi moja na nusu. Kwa mteja wa daraja la D1, la watumiaji wadogo, anayelipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, hiyo haifiki shilingi 200. Kwa wa daraja la T1, la matumizi ya kawaida, wa shilingi 292, haizidi mia tano na kitu. Ila D1 ni ya asiyevuka uniti 75 kwa mwezi. Ukianza kuokea humo kila kitu kila siku, angalia LUKU yako usijekuta umehamishwa daraja, kwani hapo kila taa ya nyumbani inapanda bei.

Chomeka kwenye soketi ya ukutani. Ekstensheni nyembamba za mnadani hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Ukigusa waya ukauona wa moto, zima mara moja. Jioni, wakati karasha za kuponda mawe ya dhahabu na mashine za kusaga zinavuta umeme, nguvu hushuka, feni inalegea na baga zinachelewa. Pika mchana ukiweza. Na paneli ndogo ya jua inayowasha taa na kuchaji simu haitaliwasha jiko hili, usiwape wauzaji nafasi ya kukudanganya. Asiye na eafraya asione amebaki nje: kikaango kizito, mafuta vijiko viwili, moto mdogo wa mkaa, mfuniko uliowekwa nusu ili mvuke upate pa kutokea, dakika sita kila upande. Nimezila za namna hiyo na sikuona upungufu.

Nataka pia nizisemee dengu, zile zetu zenye ncha kama mdomo wa ndege, zinazostawi kwenye udongo mweusi wa mbuga baada ya mvua kupita. Tumezoea kuziona kama mali ya kuuza India. Desemba 2017 India iliweka ushuru wa asilimia 30 kwa dengu kutoka nje, baadaye ikaupandisha, na mkulima wa huku akaumia kwa uamuzi uliofanyika mbali mno naye. Mimi naamini zao ambalo wenyewe tunajua kulila kwa njia nyingi lina mlinzi wa ziada. Dengu haichemshwi kwa kazi hii. Iloweke saa 12, ichuje na kuikausha kwa kitambaa, isage ikiwa mbichi pamoja na kitunguu na giligilani, kama watu wa Pwani wanavyofanya bagia za kunde. Wanga wake mbichi ndio utakaoshikamanisha, kwa hiyo unga wa matobolwa hauhitajiki. Tia vijiko viwili vya mafuta ndani ya mchanganyiko, kwa kuwa dengu ni kavu kwa asili, na ziunde nyembamba zaidi ili ziive mpaka ndani. Njia hii ya kusaga mbichi usiihamishie kwenye maharage. Sababu nimeshaieleza.

Mezani, skonzi iliyopasuliwa na kuchomwa kidogo inatosha, au chapati ukaikunja. Kachumbari ya nyanya na kabichi yenye limau nyingi isikose: vitamini C ya limau na nyanya huusaidia mwili kuyavuta madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, na chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huyazuia. Kwa mama mjamzito au binti aliyeanza hedhi hili si dogo. Chai isubiri saa moja. Watoto wa jirani yangu, nawashuhudia, hula baga hizi na ugali, bila skonzi, na hakuna aliyewakataza.

Zilizobaki mbichi hukaa friza mwezi mmoja, zikigandishwa kwenye sinia kwanza ndipo zikusanywe mfukoni. Huingia kwenye eafraya zikiwa barafu, na unaongeza dakika nne. Za Sabato jirani yangu huzipika kabisa Ijumaa, akazipasha dakika tatu baada ya ibada. Mume wangu huenda nazo zamu ya usiku, na mwanzoni alikuwa akirudi ananiambia zimelainika, zimeshikana na skonzi kama kitu kilichonyeshewa. Nilikuwa nazifungia kwenye hotpoti zikiwa za moto, mvuke unapanda, unagonga mfuniko na kushuka tena juu ya baga. Siku hizi nazitandaza kwenye waya dakika 15, mfuniko uko pembeni, naenda kumtafutia soksi zake, na nikirudi zimepoa ndipo nafunga.